Lenzi ya Jicho Ikihama, Tusisubiri Pazia Lishuke

Sisi ni wauguzi wa macho. Tunazunguka vijijini kupima macho, na mengi mmekwisha kuyasikia kwetu: mtoto wa jicho, trakoma, presha ya macho. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halijulikani sana, lakini likimpata mtu laweza kumpofusha jicho kwa siku chache tu. Jambo lenyewe ni kubanduka kwa retina, na hasa kwa mtu ambaye lenzi ya jicho lake imehama mahali pake.

Mtauliza, retina ndiyo nini? Na lenzi je?

Wengi wenu mmechinja mbuzi. Ukilipasua jicho la mbuzi, kwanza yanatoka maji. Halafu unaona kitu cha mviringo, kigumu kidogo, kinachong'aa kama gololi ya kioo. Hiyo ndiyo lenzi. Nyuma yake kuna ute mzito kama ute wa yai, umejaza jicho lote. Nyuma kabisa, ukutani, umebandikwa utando mwembamba sana. Huo ndio retina. Jicho la mtu limeumbwa vivyo hivyo. Lenzi hukusanya mwanga, na retina huupokea na kupeleka habari kwenye ubongo. Retina ikiharibika, hakuna miwani itakayokusaidia.

Lenzi haielei hovyo ndani ya jicho. Imeshikwa pande zote na nyuzi nyembamba mno. Fikirini ngozi inayowambwa ikauke juani. Kamba zinaivuta kila upande, nayo inakaa sawasawa. Kamba zikikatika upande mmoja, ngozi huvutwa upande wa pili. Lenzi nayo ni hivyo hivyo. Nyuzi zikikatika au zikilegea, lenzi hupanda juu, au hushuka chini, au hukaa upande. Zikikatika zote, lenzi huanguka ndani ya ute, au huja mbele kwenye mboni.

Nini huzikata nyuzi hizo? Huku vijijini la kwanza ni pigo. Kijiti kinarukia jicho mtu anapopasua kuni. Ng'ombe anageuza kichwa na pembe inampata mchungaji. Watoto wanachezea manati. Na tuseme ukweli, ngumi pia, za vilabuni na za nyumbani. Pigo moja laweza kuihamisha lenzi na papo hapo kuichana retina ukingoni. Mtu anaona uvimbe tu, anakanda kwa maji ya moto, uvimbe unapungua, anasema amepona. Retina yaweza kubanduka baada ya wiki, miezi, hata mwaka na zaidi.

La pili ni la kuzaliwa nalo. Mwaka 1896 daktari mmoja wa watoto huko Paris, Ufaransa, jina lake Antoine Marfan, alieleza habari za binti wa miaka 5 aliyekuwa na mikono, miguu na vidole virefu kupita kawaida. Habari ya macho iliunganishwa na maumbile hayo baadaye, mwaka 1914. Leo twajua kwamba watu wenye hali ya Marfan wana hitilafu katika uzi mmoja wa mwili unaoshikilia viungo, mishipa na hizo nyuzi za lenzi. Kiasi cha mtu 1 kati ya 5,000 wanayo, weusi kwa weupe. Zaidi ya nusu yao lenzi huhama, mara nyingi kwenda juu, tena macho yote mawili.

Huenda mnamjua mtu wa namna hiyo hapa hapa. Ni mrefu kuliko ndugu zake, mwembamba, vidole kama vya mpiga zeze, na akinyosha mikono upana wake unazidi urefu wake. Shuleni wanamwita Twiga. Anakaa dawati la mbele na bado anasogeza daftari hadi puani. Mwalimu anadhani ni mvivu wa kusoma. Si mvivu. Anachungulia ukingoni mwa lenzi yake, kama mtu anayetazama kupitia ukingo wa chupa. Lakini hatusemi kwamba kila mrefu ni mgonjwa! Kuna makabila yetu ambayo urefu ndio kawaida yao. Tunachosema ni kwamba mrefu wa namna hiyo, mwenye uoni mbaya, apimwe.

Iko na hali nyingine ya kuzaliwa nayo, homosistinuria, ambayo mwili hushindwa kutumia sehemu moja ya protini ya chakula. Hapo lenzi huelekea kushuka chini. Hali hii ni adimu, lakini daktari ni lazima aijue kabla ya kumlaza mtu kitandani, maana damu ya mgonjwa huyu huganda upesi.

Sasa, kwa nini lenzi iliyohama ihusiane na retina? Kwa mtu wa Marfan, jicho lenyewe limerefuka. Retina imevutwa ikawa nyembamba, kama mpira wa baiskeli uliojazwa pumzi kupita kiasi. Ute nao huanza kuyeyuka mapema, na unapojikunja huivuta retina. Siku moja retina inachanika tundu dogo. Maji ya ndani ya jicho yanapenya tunduni, yanaingia nyuma ya retina, na kuibandua, kama vile maji ya mvua yanavyobandua lipu ya ukuta kwa kuanzia kwenye ufa. Retina hupata chakula chake kutoka kwenye ukuta ilikobandikwa. Ikibanduka, inashinda njaa.

Jambo hili haliumi. Tafadhali lishikeni hilo. Sisi watu wa shamba tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Jino likiuma tunakwenda, tumbo likiuma tunakwenda. Retina inabanduka na mtu anaendelea kupalilia.

Dalili zake ni hizi. Kwanza, vitu vyeusi vinaelea mbele ya jicho: kama inzi, kama masizi, kama utando wa buibui. Mtu mzima aweza kuwa na kimoja au viwili kwa miaka mingi bila shida. Hatari ni vikija vingi kwa ghafula. Pili, vimulimuli au radi pembeni mwa jicho, hata gizani, hata ukiwa umefumba macho. Tatu, kivuli kinachoanza upande mmoja na kusogea, kama pazia linavyovutwa mlangoni. Pazia likifika katikati, hutaona tena sura ya mtu.

Katikati ya retina kuna doa dogo, ndilo la kusomea, la kutia uzi kwenye sindano na la kutambua nyuso. Doa hilo likiwa bado limebandikwa, upasuaji unafaa ufanywe haraka, ikiwezekana siku hiyo au ya pili yake, na mgonjwa aweza kubaki na macho yake ya kusomea. Doa likiisha kubanduka, bado kuna faida ya kwenda, hasa ndani ya wiki moja, lakini uoni haurudi wote. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa juu ya wagonjwa wa retina waliopasuliwa Kikuyu, nchini Kenya. Walio wengi walifika doa lao likiwa limekwisha kubanduka. Hatushangai. Zahanati inampa mtu dawa ya matone, anarudi baada ya wiki mbili, anaambiwa aongeze chupa nyingine. Hakuna dawa ya matone inayobandika retina. Wala majani, wala maziwa ya mama, wala asali.

Mtu mwenye jicho moja zuri ndiye hachelewi kugundua likianza kumharibikia. Mwenye macho mawili hudanganyika, kwa sababu jicho zima hulifichia jicho bovu. Kwa hiyo wenye lenzi zilizohama, na wote waliowahi kupigwa vibaya jichoni, tunawashauri jambo lisilogharimu hata senti. Kila asubuhi ziba jicho moja kwa kiganja, tazama fremu ya mlango. Je, pembe zote nne unaziona? Kisha ziba la pili. Basi, nenda kachukue jembe lako.

Tuje kwenye upasuaji. Zamani haukuwapo. Mgonjwa alilazwa chali wiki nyingi, macho yamefungwa kitambaa, na karibu wote walipofuka. Aliyebadilisha mambo ni Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi. Yeye alisema: chanzo ni tundu, na tundu likizibwa retina itarudi. Wenzake walimbishia miaka mingi. Alilitafuta tundu kwa uvumilivu, akaliunguza kutoka nje ya jicho kwa chuma cha moto ili kovu libandike retina. Katika mkutano wa madaktari wa macho huko Amsterdam, mwaka 1929, hoja yake ikakubaliwa. Kila upasuaji wa retina hadi leo unafuata neno lake: tafuta tundu, lizibe.

Na hapo ndipo lenzi iliyohama inapoleta taabu. Daktari hulitafuta tundu kwa kuchungulia kupitia mboni. Lenzi ikiwa imekaa upande, huona ukingo wake, huona mambo mawili mawili, na matundu mengi yako pembezoni, huko huko inakoziba. Mboni nazo za watu wa Marfan hazipanuki vizuri kwa dawa. Ni sawa na kutafuta tundu kwenye paa usiku huku mtu amesimama mbele ya taa yako.

Njia ya kwanza ni mkanda. Daktari hushona kipande laini cha silikoni nje ya jicho, kinasukuma ukuta uende ndani ukaiguse retina penye tundu. Kwa kijana ambaye lenzi yake imehama kidogo tu na bado ni safi, njia hii hufaa, kwa sababu lenzi inaachwa kama ilivyo. Ila ukuta wa jicho la Marfan ni mwembamba, na sindano yataka mkono mtulivu kweli kweli.

Njia ya pili ni kuondoa ute. Ilianzishwa na Robert Machemer huko Miami, Marekani, mwaka 1970. Yanatobolewa matundu matatu kwenye weupe wa jicho, kila moja chini ya milimita 1. Moja linaingiza maji, moja taa, la tatu chombo kidogo kinachokata ute na kuunyonya. Lenzi iliyohama ikizuia kazi, nayo hukatwa na kunyonywa kwa matundu hayo hayo. Ikiwa imeangukia juu ya retina, wanao ujanja mzuri: wanamimina jichoni kimiminiko safi chenye uzito karibu mara mbili ya maji. Kimiminiko kinashuka chini, kinailaza retina ukutani, na lenzi inaelea juu yake kama kibuyu mtoni. Hapo inashikwa bila kuichana retina. Sisi tuliposikia mara ya kwanza tulifurahi kama watoto.

Kisha matundu ya retina huzungushiwa alama za moto za mwanga wa leza. Kovu lake huchukua kiasi cha wiki mbili kushika. Katika muda huo retina inahitaji kitu cha kuikandamiza, kama fundi anavyoweka jiwe juu ya mbao alizopaka gundi. Kitu hicho ni gesi au mafuta ya silikoni. Gesi huisha yenyewe, aina moja kwa wiki mbili hivi, nyingine kwa wiki sita hadi nane. Mafuta hukaa miezi, halafu hutolewa kwa upasuaji mwingine.

Gesi hupanda juu daima. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa alale au ainamishe kichwa kwa namna fulani, pengine uso chini, siku kadhaa. Hii ni kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Shingo inauma, wageni wanamshangaa. Familia imsaidie, imletee chakula na imsimulie hadithi. Tena mwenye gesi jichoni asipande ndege, wala asipande milimani. Hewa ya juu ni nyepesi, gesi inavimba, presha ya jicho inapanda, na jicho laweza kufa kabisa. Mtu aliyepasuliwa Moshi na kwao ni juu mlimani, asipande basi kabla ya kumwuliza daktari, hata kama nyumbani kuna kilio.

Je, hupona? Kwa kubanduka kwa kawaida, penye vifaa vyote, macho 8 au 9 kati ya 10 retina hurudi kwa upasuaji wa kwanza. Kwa lenzi iliyohama kazi ni ngumu zaidi, matundu huwa mengi, na wengine hurudia mara ya pili. Wanaochelewa hupata makovu yanayoikunja retina kama jani kavu, na hapo hata fundi hodari hushindwa. Na retina kurudi si sawa na kuona kama zamani. Ni afadhali mgonjwa aelezwe hilo kabla ya kuuza mbuzi.

Aliyeondolewa lenzi atahitaji miwani mizito, au baadaye lenzi ya bandia. Ile ya kawaida ya mtoto wa jicho huwekwa ndani ya mfuko wa lenzi, lakini hapa mfuko hauna nyuzi za kuushika. Kwa hiyo lenzi hushonwa kwenye ukuta wa jicho au kwenye duara la rangi. Wengi husubiri kwanza retina itulie.

Tumalizie na moyo. Hali ya Marfan haikai machoni tu. Mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni waweza kupanuka kidogo kidogo na kupasuka. Kwa hiyo mgonjwa apimwe moyo kabla ya kupasuliwa jicho. Wengi hupasuliwa kwa sindano ya ganzi pembeni mwa jicho, wengine kwa nusu kaputi. Kwa vyovyote, daktari wa usingizi aambiwe. Kuna waliogundua ubaya wa moyo wao kwa sababu ya jicho.

Baada ya mazungumzo tuliulizwa maswali, na haya ndiyo majibu tuliyoyatoa.

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu ana lenzi zilizohama. Wadogo zake nao watapata?" Dada, kama ni Marfan na mzazi mmoja anayo, kila mtoto anayezaliwa ana nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kike na wa kiume. Lakini kiasi cha robo ya wenye hali hii ndio wa kwanza katika ukoo wao. Waleteni wote wapimwe, na baba yao pia. Si laana, na si kosa la mama.

Mzee mmoja aliuliza kama jicho la pili liko salama. Shikamoo mzee, hapana. Kwa mtu wa Marfan jicho la pili ni ndugu wa la kwanza. Retina yake ikaguliwe siku ile ile, na kama ina tundu, yaweza kuzungushiwa leza kabla haijabanduka. Hiyo ni kazi ya dakika chache, bila kulazwa.

Kijana mmoja aliuliza kama aweza kuendelea kucheza mpira. Tulimjibu kwamba mwenye lenzi iliyohama aepuke ndondi, mieleka na kupiga mpira kwa kichwa. Akaguna. Tulimwambia awe refa.

Na swali la mwisho: "Twende wapi?" Madaktari wa retina nchini kwetu ni wachache, nao wako mijini. KCMC ya Moshi, Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam zina idara za macho. Lakini usipande basi kwa kubahatisha. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa asubuhi ile ile, omba mhudumu wa macho, na mwambie maneno haya: "Naona pazia, na lenzi yangu imehama." Mwombe apige simu huko unakopelekwa, aulize kama daktari wa retina yupo wiki hii, gharama ni kiasi gani na bima yako inalipa nini. Chukua barua ya rufaa, miwani yako ya zamani na dawa unazotumia. Nenda na mtu wa kukuongoza, maana wakati wa kurudi jicho moja litakuwa limefungwa.